Kupanga au Kununua: Makazi ya Mwanafunzi wa Chuo kwa Mzazi wa Kindu

Mzazi wa Maniema anayemtayarisha mtoto kwa masomo ya juu hukabiliwa na swali la makazi kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya yule anayeishi Kasongo, Kabambare, Kibombo, Kailo, Pangi, Punia au Lubutu, yaani katika teritori saba za jimbo, ambaye mtoto wake anakuja Kindu kusoma katika Chuo Kikuu cha Kindu (UNIKI), katika chuo cha juu cha ualimu (ISP) au katika chuo cha juu cha fani za tiba (ISTM). Sura ya pili ni ya yule anayeishi Kindu kwenyewe, ambaye mtoto wake amechagua somo lisilofundishwa nyumbani, au chuo chenye sifa ya miaka mingi, na kwa hiyo anakwenda Kisangani, Lubumbashi, Bukavu au Goma. Wote wawili huuliza jambo moja: je, fedha ya familia ilipe kodi ya chumba mwezi baada ya mwezi, au itafutwe njia ya kununua nyumba ambamo watoto watakaa hadi wamalize?

Mwongozo huu unashikilia kwamba jibu halipatikani kwa kulinganisha kodi na bei ya nyumba peke yake. Mambo matatu ndiyo yenye uzito: idadi ya watoto watakaopita katika mji huohuo, miaka ambayo masomo yatachukua kwa kweli, na zaidi ya yote uimara wa hati za kiwanja kinachouzwa. Kwa familia nyingi za Maniema jibu sahihi la mwaka wa kwanza ni kupanga, na nyumba hufaa kununuliwa baadaye tu, pale ambapo mambo hayo matatu yamekwisha kupimwa na kuonekana kuwa yanaelekea upande mmoja.

Miaka ya kuhesabu

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vya Kongo vimekuwa vikiingia katika mfumo wa LMD, ambao hugawa masomo ya juu katika ngazi tatu: lisansi ya miaka mitatu, masta ya miaka miwili, kisha doktora. Mfumo wa zamani ulikuwa na gradua ya miaka mitatu ikifuatwa na lisansi ya miaka miwili, na wazazi waliosoma zamani bado huchanganya majina hayo, wakidhani kwamba mtoto aliyepata lisansi ya sasa amefika pale walipofika wao kwa miaka mitano. Hesabu ya makazi hupotoka hapo. Mzazi anayepanga bajeti ya miaka mitatu hugundua katika mwaka wa tatu kwamba mtoto anataka kuendelea na masta, na mara nyingi mtoto huyo ana haki ya kutaka hivyo. Kwa upande wa udaktari wa binadamu, muda huwa mrefu zaidi.

Kwenye muda huo wa kisheria yaongezwe yale yasiyoandikwa popote: migomo ya walimu, mwaka wa masomo unaoanza kwa kuchelewa na kumalizika kwa kuchelewa, mtoto anayerudia mwaka, na dharura kubwa kama ile ya Machi 2020, wakati vyuo vyote nchini vilipofungwa kwa sababu ya Covid-19 huku wenye nyumba wakiendelea kudai kodi. Ni busara, kwa hiyo, kuchukua muda wa ngazi zote mbili za kwanza na kuuongezea angalau mwaka mmoja. Aidha, kodi huhesabiwa kwa miezi kumi na miwili, kwa sababu chumba kilichoachwa wakati wa likizo hupewa mtu mwingine, na mwanafunzi anaporudi hulazimika kuanza upya kwa kutoa fedha mpya ya dhamana na kumlipa tena mtu wa kati.

Kukaa kwa ndugu

Kabla ya kupima kupanga na kununua, ipo njia ya tatu ambayo ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuliko zote mbili, nayo ni kumweka mtoto kwa shangazi, kwa mjomba, kwa kaka mkubwa, au kwa mtu wa kijiji kimoja aliyekwisha kujenga mjini. Njia hii hufikiriwa kuwa ya bure, na dhana hiyo ndiyo huiharibu. Mtoto anayekaa kwa ndugu hula chakula cha nyumba hiyo, huchota maji yake, hutumia taa yake, na katika nyumba nyingi hutarajiwa kufanya kazi kama watoto wengine wa humo. Ikiwa wazazi hawatumi chochote, deni lisilosemwa hukua mwezi kwa mwezi, na hatimaye hulipwa na mwanafunzi kwa saa zake za kusoma. Wasichana ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi wa deni hilo, kwa kuwa ndio wanaoachiwa jiko, kufua na kulea watoto wadogo, hata nyakati za mitihani.

Mzazi anayechagua njia hii anafaa kufanya mapatano yaliyo wazi tangu siku ya kwanza, mbele ya mtoto mwenyewe: gunia la mchele au la unga wa muhogo litakalopelekwa kila baada ya muda fulani, mafuta ya mawese, fedha ya maji na mwanga, na saa ambazo mtoto ataachwa asome. Mapatano ya namna hii hayavunji heshima ya undugu. Huilinda, kwa sababu mwenyeji hujua atapata nini na mgeni hujua anadaiwa nini. Ikiwa mwenyeji ana chumba kimoja tu cha kulala kwa watoto sita, au ikiwa kuna jambo lolote linalomtia msichana hofu katika nyumba hiyo, njia hii iachwe bila kuangalia gharama, na asilazimishwe kulieleza jambo hilo mbele ya ukoo mzima ndipo aaminiwe.

Chumba cha kupanga

Kupanga nyumba nchini Kongo kunatawaliwa na Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu mikataba ya upangaji isiyo ya kibiashara. Sheria hiyo iliweka kikomo cha garanti, yaani fedha ya dhamana ambayo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba kabla ya kuingia, kuwa miezi mitatu ya kodi kwa nyumba ya kuishi. Katika miji mikubwa bayeri, kama mwenye nyumba anavyoitwa, mara nyingi hudai zaidi ya hapo, na mpangaji mwenye shida ya haraka hukubali. Mzazi anayeijua sheria ana mahali pa kuanzia mazungumzo, hata kama hatapata kila anachotaka. Garanti si kodi ya mwanzo: ni mali ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba, nayo hurudishwa wakati wa kuondoka baada ya kukata uharibifu uliothibitika. Kwa kuwa wenye nyumba wengi huwa wamekwisha kuitumia, desturi iliyoenea ni kwamba mpangaji aliyetoa taarifa ya kuondoka hukaa miezi ya mwisho bila kulipa hadi garanti iishe. Ni suluhisho linalokubalika, ila liandikwe katika mkataba ili lisionekane kuwa wizi.

Komisioneri ni mtu wa kati anayewakutanisha mwenye nyumba na mpangaji, na malipo yake hukadiriwa kwa kawaida kwa kodi ya mwezi mmoja. Huyu asilipwe kabla ya mzazi au mjumbe wake kuingia chumbani, kuonana na mwenye nyumba mwenyewe uso kwa uso, na kuhakikisha kwa majirani kwamba ndiye mwenye nyumba kweli, kwa sababu chumba kimoja kuonyeshwa na kulipiwa na watu wawili ni hila ya zamani. Siku ya kuingia iandikwe orodha ya hali ya chumba, yaani milango, kufuli, madirisha, dari, nyufa za ukuta na mahali panapovuja, kisha isainiwe na pande zote mbili. Karatasi hiyo moja huzuia ugomvi mwingi wa siku ya kutoka.

Kuhusu uchaguzi wa chumba chenyewe, uzuri wa rangi na upya wa mabati visimpotoshe mzazi. Kwa mwanafunzi wa Kindu mahali pana maana kuliko sura. Mji umegawanyika katika komyuni tatu, Kasuku na Mikelenge zikiwa ng'ambo ya kushoto ya mto Lualaba, na Alunguli ikiwa ng'ambo ya kulia, ambako huanzia njia ya kwenda Kalima na Bukavu. Mwanafunzi ambaye chuo chake kiko upande mmoja na chumba chake upande mwingine hulipa nauli ya mtumbwi mara mbili kwa siku, hukwama mvua ya upepo inapoanza, na hawezi kubaki chuoni kujisomea hadi usiku. Kodi ya chini ya ng'ambo ya pili ijumlishwe na nauli hizo kabla ya kuitwa nafuu. Na mara nyingi ikijumlishwa hivyo unafuu wake hutoweka. Kwa sababu hiyohiyo hata familia inayoishi mjini inaweza kuwa na haki ya kumpangia mtoto chumba ng'ambo, angalau kwa miezi ya mitihani.

Baada ya mahali yafuate maji na mwanga. Mabomba ya Regideso na nyaya za SNEL haviko katika kila mtaa, na vilipo havitoi huduma kila saa, kwa hiyo aulizwe mpangaji anayeishi hapo, wala si mwenye nyumba, maji hupatikana saa ngapi na umbali gani, na kama paa linaweza kubeba paneli ndogo ya jua bila bayeri kupinga. Kwa msichana yaangaliwe pia mahali kilipo choo na bafu, kama vina mlango unaofungwa kwa ndani, na nani mwingine analala katika kiwanja hicho. Mzazi asichelewe kutuma kodi ya binti. Binti anayedaiwa na mwenye nyumba huwa katika hatari ambayo familia iliyo mbali haiioni, na fedha iliyotumwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money moja kwa moja kwenye simu ya mwenye nyumba, pamoja na ujumbe wa kuthibitisha, humwondolea binti mzigo wa kwenda kubembeleza.

Hesabu ya mfano

Ili kuonyesha namna ya kufikiri, ichukuliwe mifano ya kubuni, ambayo mzazi ataweka badala yake bei halisi za mtaa wake. Chumba kinapangishwa kwa dola 20 kwa mwezi, na nyumba ndogo ya vyumba viwili inauzwa kwa dola 4,000. Mtoto mmoja akisoma miaka mitano, kodi yake yote itakuwa dola 1,200. Nyumba, kwa upande wake, itahitaji labda dola 500 za kushughulikia hati na dola 100 kila mwaka za kutengeneza paa, choo na kuta, jumla dola 5,000. Chumba cha pili kikipangishwa kwa miaka yote mitano bila kukosa mtu kitarudisha dola 1,200, na kubakiza dola 3,800. Ili kununua kusizidi gharama ya kupanga, nyumba hiyo italazimika kuuzwa mwishoni kwa dola 2,600 au zaidi.

Sasa ichukuliwe familia ya watoto watatu wanaopishana kwa miaka miwili miwili, ambao kwa pamoja watakuwa mjini kwa miaka tisa. Wakikaa katika chumba kimoja kwa zamu na kwa kupokezana, kama ndugu wengi wanavyofanya, kodi ya miaka tisa itakuwa dola 2,160. Nyumba ileile itagharimu dola 5,400 pamoja na hati na matengenezo, itaingiza dola 2,160 kutoka chumba cha pili, na kubakiza dola 3,240; hapa inatosha iuzwe kwa dola 1,080 ili kulingana na kupanga. Watoto watatu wanapunguza sana hatari ya kununua, ingawa nao wakiwa wa jinsia tofauti watahitaji vyumba viwili, na hapo kodi ya kupanga itapanda maradufu huku mapato ya chumba cha pili yakipotea.

Mambo mawili yanajitokeza katika hesabu hizi. La kwanza ni kwamba kodi hutoka kidogo kidogo, ilhali bei ya nyumba hutakiwa kwa mkupuo, na kwa kuwa mkopo wa benki wa kununulia nyumba haumfikii mtumishi au mfanyabiashara wa kawaida wa Maniema, fedha hiyo hutoka katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, katika mauzo ya ng'ombe au shamba, au katika mtaji wa duka. Mzazi anayeondoa mtaji wa duka ili kununua nyumba anaweza kukosa karo ya mwaka unaofuata, na mwanafunzi mwenye nyumba lakini asiye na karo hajasaidiwa. La pili ni kwamba kila hesabu iliishia kwenye neno moja: bei ya kuuzia. Nyumba itauzika tena kwa bei ya haki ikiwa tu mnunuzi wa kesho ataziamini hati zake, na hapo ndipo penye kazi kubwa ya mzazi.

Hati za kiwanja

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980, iliweka katika kifungu cha 53 kanuni kwamba ardhi ya nchi ni mali ya Taifa peke yake, isiyoweza kuuzwa wala kupotea kwa kupita kwa muda. Kwa hiyo kinachouzwa na mtu kwa mtu si udongo. Kinachouzwa ni jengo pamoja na haki ya kutumia kiwanja, haki inayoitwa konsesio, nayo kwa raia wa Kongo inaweza kuwa ya kudumu, na kwa namna nyingine huwa ya muda unaohesabiwa kwa miaka na kuweza kufanywa upya. Kifungu cha 219 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba haki hiyo huthibitika kisheria kwa hati moja tu, yaani cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi na majengo, ofisa wa Serikali anayetunza vitabu vya viwanja. Kifungu cha 227 nacho kinakipa cheti hicho nguvu ya kutopingwa miaka miwili baada ya kutolewa.

Karatasi nyingine zote ziko chini yake. Fishi ya kiwanja inayotolewa na komyuni au mtaa, barua ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi, na hata mkataba wa kupangishwa kiwanja na Serikali, ambao ni hatua ya muda wakati mwenyewe anajenga na kukiendeleza, zote ni dalili za haki au njia ya kuelekea kwenye haki. Wanunuzi wengi huridhika na fishi kwa sababu ndiyo inayopatikana upesi na kwa bei ndogo, na huishi nayo kwa amani miaka mingi hadi mtu wa pili anapotokea na cheti. Siku hiyo mahakama huangalia cheti.

Katika pembezoni za mji shida huwa ya namna nyingine. Huko viwanja hukatwa kutoka katika ardhi za mila na kuuzwa na wazee wa ukoo wenye asili ya mahali hapo, kisha mipango ya mji inapofika Serikali hupima upya na kugawa upya. Sheria ya 1973 iliahidi katika kifungu cha 389 kwamba haki za watu juu ya ardhi za mila zingepangwa kwa amri ya Rais, na miongo mingi ilipita bila amri hiyo kutolewa. Pengo hilo limezaa kesi zisizohesabika mashariki mwa Kongo. Mzazi anayenunua kwa mzee wa ukoo asidhani kwamba amemaliza. Amepata ridhaa ya jamii, nayo ni muhimu kwa usalama wake, lakini bado hana haki mbele ya Serikali hadi kiwanja kipimwe na kuandikishwa.

Kwa hiyo kazi ya kununua inafaa ifuate utaratibu wa polepole. Mzazi aanze na majirani wa pande zote nne na mkuu wa mtaa, akiuliza nani alijenga, nani amekaa, na kama kumewahi kuwa na ugomvi wa mpaka. Kisha aende kwa konservateri na kwa ofisi ya kadasta, yaani ofisi ya upimaji, akiwa na nambari ya kiwanja, ili ahakikishe kwamba jina lililo vitabuni ni la muuzaji, kwamba hakuna rehani wala zuio la mahakama, na kwamba mawe ya mpaka yako mahali pake. Bila hatua hiyo hakuna fedha itakayotolewa, hata ya kushika nafasi. Muuzaji anayesema kuna wanunuzi wengine wanaosubiri na kwamba hakuna muda wa kwenda ofisini ametoa sababu ya kutosha ya kuachana naye.

Hatua inayosahaulika zaidi ni familia ya muuzaji. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka ridhaa ya mume na mke wote wawili katika kuhamisha nyumba na haki za kiwanja, kwa hiyo saini ya mume peke yake haitoshi. Nyumba ikiwa ni ya marehemu, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa sheria hiyo inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na inayobaki huwaendea mjane au mgane, wazazi na ndugu. Mtoto mmoja wa kwanza, hata akiwa ndiye anayeshika funguo, hana mamlaka ya kuuza peke yake. Mnunuzi adai kuwaona warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa mbali, au wajumbe wao wenye barua, na majina yao yote yaingie katika mkataba.

Mkataba wenyewe uandikwe, uthibitishwe na mthibitishaji wa Serikali, utaje bei kwa herufi na kwa tarakimu, na malipo yafanyike kwa sehemu, huku sehemu ya mwisho ikibakizwa hadi mutasio, yaani uhamishaji wa jina katika vitabu vya konservateri, ikamilike. Gharama za uhamishaji zigawanywe kwa maneno yaliyoandikwa. Mzazi asiyeweza kumudu gharama za mutasio bado hajaweza kumudu nyumba, na anafaa kuendelea kupanga.

Jina katika cheti

Wazazi wengi, kwa upendo, hutaka nyumba iandikwe kwa jina la mtoto anayesoma. Jambo hili linahitaji tahadhari. Mtu wa Kongo hufikia utu uzima wa kisheria akiwa na miaka 18, na mwanafunzi mwenye cheti kwa jina lake anaweza kuuza nyumba ili aende ng'ambo, ili afanye biashara, au kwa kushawishiwa na rafiki, bila kuvunja sheria yoyote. Zaidi ya hapo, wadogo zake waliokuwa wakiitegemea watakuwa wageni katika nyumba ya ndugu yao, na huo ni mzizi wa chuki ya muda mrefu. Njia salama ni kuandikisha kwa jina la wazazi, baba na mama, na kumpa mwanafunzi barua ya kumruhusu kukaa, kutunza na kukusanya kodi ya chumba cha pili kwa niaba yao. Kijana huyo apewe kweli wajibu huo: atunze daftari la mapato na matengenezo, alipe ushuru wa jimbo unaohusu kiwanja na mapato ya upangishaji, na aeleze hesabu kila likizo.

Nyumba inayokaliwa na wanafunzi peke yao huvutia wageni. Binamu watakuja, marafiki watalala, na chumba cha kupangisha kitageuka cha bure. Wazazi waamue mapema ni nani anayeruhusiwa, kisha waliseme wao wenyewe kwa ukoo, wasimwachie kijana wa miaka 19 kumkatalia mjomba wake.

Nje ya Maniema

Kwa mtoto anayekwenda mbali, sababu za kununua hupungua. Kisangani hufikiwa kwa mto hadi Ubundu na kutoka hapo kwa nchi kavu, na Lubumbashi kwa reli ya SNCC ambayo safari zake hazina ratiba ya kutegemewa. Mzazi hawezi kukagua paa linalovuja wala kumwondoa mpangaji asiyelipa katika mji ambao kuufikia kunagharimu kodi ya miezi kadhaa. Vyuo vikuu vya huko, kile cha Lubumbashi kilichoanza 1955 na kile cha Kisangani kilichoanza 1963, vina mabweni ambayo wanafunzi huyaita home, na ingawa nafasi ni chache na msongamano ni mkubwa, mwaka mmoja humo humfundisha mwanafunzi mji na kumwonyesha mitaa ya kuepuka kabla familia haijafunga mkataba wowote.

Kuhusu Goma na Bukavu, historia ya karibuni inazungumza yenyewe. Mlima Nyiragongo ulilipuka Januari 2002 na lava ikafunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma, ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na katikati ya Februari wakauteka Bukavu, mabenki yakafungwa, na familia zilizokuwa na watoto huko zikahangaika kuwapelekea hata fedha ya chakula. Mpangaji aliweza kufunga mizigo na kuondoka. Mwenye nyumba aliacha mali yake nyuma bila kujua nani atalala ndani yake wala ni ofisi gani itakayotambua cheti chake. Mzazi wa Kindu ambaye mtoto wake anasoma katika miji hiyo apange, na apange kwa mkataba mfupi.

Kujenga badala ya kununua

Ndani ya Kindu ipo njia ya kati kwa familia yenye watoto kadhaa na mapato yasiyo ya mkupuo: kununua kiwanja kitupu chenye hati zinazoweza kukamilishwa, na kukijenga kwa hatua wakati mtoto wa kwanza bado anapanga kwingine. Saruji, misumari na mabati hufika Kindu baada ya safari ndefu na bei yake hupanda na kushuka, lakini matofali ya kuchoma hutengenezwa papo hapo, na mzazi anayenunua kidogo kidogo msimu wa kiangazi hupata nafuu kuliko anayenunua kwa haraka masomo yakikaribia. Chumba kimoja chenye choo kizuri na paa imara kikamilike kwanza, kabla ya kuanza msingi wa nyumba kubwa itakayobaki kuta tupu kwa miaka. Mahali pachaguliwe wakati wa mvua nyingi, Lualaba ikiwa imejaa, maana kiwanja kinachoonekana kizuri mwezi wa Julai kinaweza kuwa njia ya maji mwezi wa Desemba. Mara kiwanja kikinunuliwa, kiandikishwe, kiwekewe mawe ya mpaka na kikaliwe au kulindwa na mtu anayefahamika, kwa sababu kiwanja kitupu kisicho na mtu ndicho kinachouzwa mara ya pili.

Cheti halisi kibaki mikononi mwa wazazi, na nakala iliyothibitishwa ndiyo ikae na mwanafunzi pamoja na daftari la kodi. Mtoto wa mwisho atakapoanza mwaka wake wa mwisho, wazazi waamue kama nyumba itauzwa, itapangishwa kwa wanafunzi wengine wa kutoka teritori, au itabaki ya familia, na kama ni kuuza, wauze wenyewe, wote wawili wakiwa hai na wakisaini, kabla jambo hilo halijawa suala la urithi.